Kidole Kisichosomeka

Msimu uliopita aliniita mama.
Sauti laini, ya mtoto aliyelelewa.
Alijua majina yangu yote matatu,
alijua kilo zangu, na siku malipo yalipoingia.
"Mama, akaunti yako imefungwa,
nitajie namba ya siri niifungue."
Nilikuwa na ndoo kichwani, mkono mmoja kwenye simu,
nikaona nimalize haraka, maji yasimwagike.
Nikamtajia.
Maji hayakumwagika.

Milioni moja na laki mbili:
salfa ya mikorosho, mabati ya jikoni,
na ada ya Shaweji, ambaye hadi leo haniulizi.

Mwaka huu katibu wa chama akasema,
leteni namba za akaunti kabla ya mnada.
Nikasema, nisubiri.
Nikatoka Kitangari na gari la asubuhi kwenda Newala
kutafuta benki kama mtu anavyomtafutia bintiye mume:
usimtazame viatu,
uliza usiku anarudi saa ngapi.

Benki ya kwanza ina baridi ya bure
na sakafu unayojiona uso.
Binti akasema, "Sisi ni alama ya kidole, mama.
Kidole hakiibiki."
Nikaweka gumba. Mashine ikalia.
Cha shahada. Ikalia.
Vyote kumi, kimoja kimoja,
kama watoto wanaorudishwa mlangoni kwa kukosa sare.
Binti akanipa karatasi nijifute.

Nifute nini?
Miaka ishirini na mitatu nabangua korosho,
mafuta ya ganda yamekula mistari yote,
ncha za vidole zinateleza kama tasbihi ya marehemu baba.
Kidole hakiibiki!
Changu kimeshaibwa, mwanangu,
na aliyekiiba ndiye anayenilisha.

Ya pili, kijana mchangamfu, tai imelegea:
"Lete simu nikuwekee kila kitu.
Namba ya siri tutie mwaka wako wa kuzaliwa,
usije ukasahau."
Nikaichukua simu yangu taratibu,
kama unavyomchukua mtoto
mikononi mwa mgeni aliyekunywa uraka.

Ya tatu ina kioo chenye ufa
na feni inayolalamika.
Bi Hadima Mkuti, miwani puani.
Nikatoa maswali yangu,
nimeyaandika nyuma ya stakabadhi ya ghala.

Mwizi akiamka saa nane usiku, nani kwenu yuko macho?
"Ipo namba. Unapiga, tunafunga, hata usiku wa Idi."
Fedha ikitoka?
"Ujumbe unakufikia hapo hapo, hata ikiwa mia tano."
Simu ikipotea, akaiokota mwenye akili?
"Kwenye simu nyingine haifunguki
mpaka uje hapa, nikuone."
Na kwa siku zitoke ngapi?
"Unapanga wewe."
Nikapanga laki moja. Akacheka.
"Na mgonjwa akitokea?"
Nitakuja mwenyewe nipandishe.
Na mkinipigia kuniuliza namba ya siri?
Akavua miwani.
"Hatuulizi. Akiuliza mtu, hata kwa sauti yangu mimi,
mkatie."

Kisha akanisogezea kidude cha kubonyezea,
akageuza kiti,
akatazama ukuta, penye kalenda ya mwaka juzi,
akaitazama kama ina habari mpya,
mpaka niliposema tayari.

Hapo ndipo nilipochagua.
Mengine yote yameandikwa kwenye makaratasi yao.
Hili la kugeuka, sikuliona limeandikwa popote.

Juzi usiku namenya ming'oko, simu ikaita.
"Mama, akaunti yako…"
Nikamwuliza, mwanangu, umekula?
Kimya.
Nikasikia jogoo wa huko aliko, akiwika saa isiyo yake.
Nikakata.

Jirani yangu Atukae ananiuliza,
kwa namba zote za dunia, umeweka ipi?
Nimehesabu kitu shambani kwangu.
Kipo, unaweza kukipita ukakigusa.
Kitu gani, sisemi,
na wewe unayesoma, geuka kidogo.