Anayepuliza Bila Kuuma

Kazi yangu ni sumu. Nasema wazi, sioni haya.
Wadi Kabir, maghala ya mchele, zamu ya usiku,
kofia yenye taa, glavu, ndoo ya mitego,
na daftari la kampuni ambamo kila mzoga hupewa nambari.
Na nyumbani, Mabela, juu ya kabati la viatu,
binti yangu Rayya kamtundikia panya wa dukani
bembea ya soksi.

Anaitwa Bisi. Mweupe, kichwa na mabega meusi,
utadhani kajitanda ushungi aende arusini.
Riyali nne na nusu, kizimba mbali.
Mama yangu, mzaliwa wa Wete, alipomwona
alipandisha miguu kwenye kochi, akauliza:
"Huyu mmemnunua? Mmetoa pesa?"
Pemba, alisema, tulikuwa tukipewa bure.

Nimewasoma wote wawili. Ukoo mmoja,
meno yaleyale ya manjano, vidole vilevile vya fundi cherehani.
Ila wa ghalani ana rangi ya gunia lililolowa,
na kitu kipya kwake ni kifo mpaka kithibitike vingine.
Nikiweka mtego Jumamosi,
Jumapili anaupita kwa mbali, kama mtu na mdeni wake.
Nikiusogeza shubiri moja, anaanza kuhesabu upya.
Yuko mmoja kakatika mkia, namwita Kikia:
tende za khalasi kazikataa, papa mkavu vilevile,
siagi ya karanga kaiacha mpaka ikaota ukungu.
Za mwizi arubaini, husema watu.
Za huyu nimefika sitini na tatu.
Wahenga waliwatazama panya wengi na shimo lisilochimbika;
hawakumkuta aliye peke yake, mwenye subira.

Bisi hana subira hata ya kukopa.
Mlango wa kizimba ukilia, keshafika.
Kitu kipya kwake ni sikukuu:
kofia, rimoti, sikio la mgeni.
Ukimwita huja. Ukimkuna shingo husaga meno polepole
na macho yakamtoka, yakicheza nje ndani.
Kumbe ndiyo raha yake;
mimi mara ya kwanza nilidhani anakata roho.
Tulilelewa tukiambiwa panya huuma huku akipuliza.
Huyu hulamba chumvi kidoleni mwa Rayya,
anapuliza tu, kuuma kakusahau.

Ijumaa moja niliacha mtego ukumbini,
ule wa sanduku, mtupu, haujategwa.
Kabla sijavua viatu Bisi alikwishaingia,
kakaa katikati, kajipangusa uso kwa mikono miwili,
akanitazama
kama mtoto kwenye kiti cha kinyozi.
Rayya akacheka. "Baba, ameupenda!"
Mimi sikucheka.
Yule kanikatalia miezi miwili,
huyu hakunikatalia hata dakika.

Daktari wa wanyama, kule Al Khodh, aliniambia
ni vizazi tu: watu walichagua wapole,
wapole wakazaa wapole,
woga ukapauka kama kanga ya kufulia.
Akasema pia wote wawili huishi kidogo,
huyu miaka miwili, mitatu akitunzwa,
yule wa nje, mwaka kwake ni uzee.
Rayya sijamwambia.

Jana nimerudi alfajiri. Nimenawa mara tatu,
sabuni ya ndimu, mpaka viwikoni.
Nikampelekea Bisi mbegu ya tikiti.
Akaja mbio, desturi yake, akapanda kiganjani,
akafika ukingo wa mkono wa shati
akasimama.
Manyoya yakamtutumka mgongoni. Pua ikasoma,
ikarudia,
kama mtu aliyeletewa barua ya ndugu asiyemjua.
Mbegu hakuigusa.
Kwa kitambo kile alikuwa na rangi ya gunia.

Shati nikalivua, nikalianika kambani, nje,
juani.
Usiku nikavaa lingine, nikachukua ndoo.
Kikia bado yuko.
Sitini na nne.