Kikulacho Ukutani

Miaka mitatu nimepanda kilima hiki cha Tolapampa
na mabango yangu ya plastiki,
picha ya mdudu imekuzwa mpaka ikatosha ng'ombe.
Wazee walicheka: Huku kwetu hakuna mdudu mkubwa hivyo, nesi.
Wakarudi kwenye viazi vyao.

Mwaka huu nimekuja na Wilber Condori,
fundi baiskeli wa Cochabamba,
uso kaupaka chokaa, mdomo kaufunga.
Hakusalimu kwa Kikechua wala Kihispania.
Alilala tu, katikati ya uwanja wa shule,
akajifunika blanketi lisilokuwepo,
na sote tukasikia baridi.

Halafu mkono wake wa kushoto ukaacha kuwa wake.
Ukachungulia kutoka nyuma ya kisogo,
vidole viwili vikipapasa giza la saa nne asubuhi.
Ukasita. Ukasikiliza pumzi.
Ukamshuka shavuni, karibu na jicho,
ukanywa,
ukashiba, ukajisaidia papo hapo ulipolia,
kama mgeni asiyefunzwa na mamaye.

Watoto walianguka kwa kicheko.

Usingizini Wilber akajikuna.
Akausugua uchafu ule ndani ya kidonda
kwa mkono wake mwenyewe.
Kicheko kikapungua, kwanza safu ya mbele, kisha nyuma.
Akaamka, akalima. Miaka kumi, pigo moja. Ishirini, pigo jingine,
jembe likizidi uzito.
Akautoa moyo kifuani, akatuonyesha:
ngumi.
Kisha kiazi kikubwa.
Kisha boga, la kubebwa kwa mikono miwili.
Hakuna aliyelicheka boga.

Ndipo akasimama Saturnina Orosco,
ambaye mikutanoni kwangu hufuma soksi tu.
Aliinua jembe lisilokuwepo,
akapiga ardhi mara moja,
akashika ubavu wa kushoto,
akaketi polepole, vilevile alivyoketi Gumersindo wake
msimu wa mavuno, asiinuke.
Akatutazama kama mtoto aliyemaliza hesabu ubaoni
anasubiri kuambiwa kama amepata.

Wilber, aliyefunzwa kujibu kila ishara,
hakuwa na ishara.
Alivua kofia.
Hapo hakuwa anaigiza.

Usiku, kila nyumba ilikuwa na tochi
ikitembea juu ya kuta za udongo.
Kuta zina masikio, husemwa.
Hizi zina midomo.

Nami nilikuwa chumba cha zahanati,
kilekile ninachopewa kila nijapo, nikalala fofofo
nimechoka kuwahubiria wenzangu.
Safari hii nikaelekeza mwanga juu ya mto wangu.
Ufa, upana wa ukucha.
Ndani yake vipapasio viwili
vikinisoma.

Mabango yalikuwa yameegemea ukuta huohuo.
Niliyasogeza kando, nikatoka nje,
nikakanda udongo gizani
bila neno.