Stakabadhi ya Msoo

Namba mia mbili na kumi na saba
ni kibati cha kopo la maziwa ya unga,
nilikitoboa kwa msumari, nikakifunga kwa waya
kwenye mche wa msoo usiofika gotini.
Jina nililichora kwa msumari huo huo:
APAIKUNDA, MBUYUNI.
Herufi ya mwisho imepinda. Mvua ilikuwa inanitania.

Hatukuwahi kuonana. Nilijua tu
kila tarehe tano simu itatetemeka mfukoni,
elfu kumi na tano, na maneno mawili:
"Ya mti."
Anauza ndizi, mshare na kitarasa.
Mwezi ambao ndizi hazikutoka, ilikuja elfu sita
na, "Nyingine wiki ijayo, mniwie radhi."
Nani mjini hapa humwomba mti radhi?

Sisi huku Rau tunalinda kilichobaki,
msitu ulioganda chini ya Moshi
kama ukoko chini ya sufuria.
Chemchemi zinatoka usiku na mchana, hazijui mgawo.
Misoo mikubwa ni ya kuhesabu. Nimehesabu.
Nilipomaliza nilirudia tangu mwanzo,
nikiomba niwe nimekosea.

Na msoo hauna haraka.
Mkaratusi ungeshakuwa nguzo ya umeme,
mgrivea ungeshapandishwa juu ya nyumba, kenchi.
Msoo unafikiri. Jani moja,
halafu unafikiri tena.

Mwezi wa tisa mbuzi wa kina Kilewo walivuka mfereji.
Asubuhi nikakuta kibati kinaning'inia kwenye kijiti
kisicho na jani hata moja,
kikigonga, ti, ti, kila upepo ukipita.
Nikatazama kushoto. Nikatazama kulia.
Palikuwa na mche usio na mfadhili, umesimama vizuri.
Nikaifungua waya, nikaifunga waya.
Kazi ya dakika mbili.
Tarehe tano: "Ya mti."
Nikajibu, "Unaendelea vizuri."
Usiku ule ugali haukupita kooni.

Akaja Jumamosi, kwa bodaboda,
mabuti ya mpira miguuni, ndoo ya samadi mapajani.
"Mimi ndiye Mbuyuni," akasema.
Nikamwonyesha. Akachuchumaa.
Akatoa simu yenye kioo kilichopasuka,
picha niliyomtumia siku ya kupanda,
akaishika kando ya mche
kama mtu anayelinganisha kitambaa na kipande cha mfano dukani.
"Wangu ulikuwa na kovu hapa," akasema,
"kama alama ya chanjo."

Chemchemi ilikuwa inaongea. Mimi sikuongea.
Kisha nikasema: mbuzi.
Nikasema: mwezi wa tisa.
Nikasema: ni mimi.

Hakunisamehe. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo.
Alikaa juu ya mzizi, akavua mabuti,
akayakung'uta udongo, moja, halafu la pili.
"Kitanda nilichozalia watoto wanne," akasema,
"ni mvule wa humu humu. Mbao zilikuja usiku.
Hakuna aliyetoa stakabadhi."
Halafu: "Uliokufa ulikuwa wapi?"

Nikampeleka. Kijiti bado kilikuwepo.
Akaking'oa, akakitia mfukoni,
akamwaga samadi yote pale pale.
"Panda mwingine, nikikuona."
"Na ule kule?"
"Ule mtafutie mwenyewe. Mimi siibi mtoto wa mtu."

Nikachimba. Akanishikia mche,
vidole vyake vyeusi kwa utomvu wa ndizi,
akaukandamiza udongo kwa kiganja, akakataa nisimsaidie.
Kibati akakigeuza upande wa nyuma,
akachora jina mwenyewe, polepole,
na chini yake namba ya zamani, ameikata kwa mstari
lakini bado inasomeka.

Pesa inakuja kila tarehe tano.
Ujumbe umeongezeka neno: "Ya mti. Picha."
Napiga. Ninapiga na kidole changu kando,
ili aone kimo.
Majani manne sasa.
La tano linatoka, bado limekunja ngumi.