Laiti

Mwalimu Nampembe aliandika neno moja ubaoni,
akalimulika kwa tochi ya simu,
maana Newala umeme ulikatika tangu alasiri.

"Laiti," akatamka. Tukaitikia: laiti.
"Ni mwanga." Sawa.
"Ni taa." Sawa.
"Kuwasha nako ni hilohilo."
Tukatazamana. Kizungu hiki,
neno moja linapigishwa vibarua vitatu!
"Na kitu chepesi, kisicho na uzito."

Hapo Bi Sihaba, aliyekaa karibu na mlango, akaguna:
"Kumbe ndilo neno la mizani ya chama."

Tulicheka, ila si sana.
Kila mmoja wetu ana gunia la korosho
lililotoka nyumbani zito, likafika ghalani jepesi.
Langu lilipoteza kilo nne kati ya Mkunya na mizani
na wala halikutoboka.

"Haya, nani ana sentensi?"

Nilikuwa nayo. Si ya Kiingereza.
Mama aliisema kila msimu,
ameishika stakabadhi kichwa chini miguu juu
mbele ya karani aliyekwisha kuita jina linalofuata:
laiti ningejua kusoma.
Neno lile halikuwa na mwanga wowote.
Uzito lilikuwa nao.

Nikashusha mkono.

Ndipo umeme ukarudi, ghafla, hata macho yakauma,
na darasa zima la watu wazima likapiga kelele:
laiti!
Sikuweza kujua
nani alisema Kiingereza.