Malaika ya Ua

Alfajiri, kabla jua halijachomoza nyuma ya maghala ya Akron,
nashuka ukingo wa reli na kikombe cha plastiki.
Treni ya makaa imepita usiku;
majani bado yanatetema.
Linaota hapa hapa, penye kokoto na mafuta machafu:
petali tatu za buluu, ua la nusu siku.
Ukichelewa hadi adhuhuri limeyeyuka,
linakuachia wino kidoleni, basi.

Maabarani Bi. Halvorsen hunipisha kitini.
Kibano. Tone la maji. Kioo juu ya kioo.
"Achana na petali," husema, "petali ni tangazo la duka."
Nainamia hadubini
kutafuta unywele mmoja wa stameni,
kumbe si unywele, ni utunda:
shanga za zambarau, nahesabu ishirini na sita,
zimetungwa bila uzi.
Na ndani ya kila shanga mna safari,
chembe zinapanda, zinashuka, zinapishana
kama watu wa sokoni mkesha wa Idi,
ila hakuna anayemkanyaga mwenziwe.

Za nini?
"Nyuki apate pa kushika.
Au adanganyike, adhani ni chavua."
Anavua miwani. "Au hatujui."
Nampenda zaidi anaposema hivyo.

Kazi yangu ni kusaka shanga iliyogeuka,
moja ya rangi ya waridi kati ya zambarau,
alama kwamba mnururisho umepita
bila kubisha hodi.
Leo nyweleo mia nne. Naandika sufuri.
Sufuri ni neno zuri.

Jumamosi nilikwenda na Raya. Ana miaka saba,
Kiswahili chake kina mapengo kama meno yake.
Akapanda kigoda, akafumba jicho lisilotakiwa.
"Mama, zinaitwaje?"
Nikakunja mkono wa sweta, nikamwonyesha
vinywele vyangu, vile vinavyosimama nikipigwa na baridi.
"Haya ni malaika. Na ua nalo lina yake.
Malaika ya ua."

Akarudi kwenye kioo, akakaa sana.
"Malaika wa ua," akanong'ona. "Wanatembea."

Ya, nilitaka kusema. Ya, mwanangu. Yanatembea.
Wa ni wale wa mbinguni.

Nje treni ikapita, meza ikatikisika,
naye, bila kuondoa jicho,
akaweka kiganja juu ya mbao
kuwatuliza.