Herufi ya Msimu

Zinder, mwezi wa tatu. Vumbi la harmatani
limekaa juu ya darubini kama ndugu asiyealikwa,
na Laouali Mahamane analifuta kwa mkono wa koti
kwa sababu pamba imekwisha tangu Jumanne.

Mbele yake, maji kidogo ndani ya chupa.
Yametoka mgongoni mwa mtoto aitwaye Tsahara,
miaka sita, shingo ngumu kama mpini.
Yalipaswa kuwa angavu.
Ni meupe kama maji yaliyooshewa mchele.

Anayagawa juu ya kadi, tone kwa duara.
Kwenye A anatikisa, anatikisa tena,
anasubiri yagande. A anaifahamu:
mwaka wa tisini na tano iliujaza ua wa hospitali
mikeka hadi nje ya lango,
ikamchukua Ousseina, dada yake, kati ya alasiri na alfajiri.
A ndiyo aliyoichukia kwa jina.
Na A ndiyo iliyokuja kuwindwa kwa sindano, kijiji kwa kijiji,
foleni zikipangwa tangu adhana ya kwanza,
wanawake wakirudi wanaonyeshana mabega
kama wanaoonyeshana bangili.

A haigandi.
Imelala kwenye duara lake, laini, haina habari.
Duara la pembeni ndilo linalokatika punje
kama maziwa yaliyotiwa ndimu.

C.

Katika lugha ninayoandikia
C haitembei bila H kuishika mkono,
na X haina hata neno moja la kuiita kwao.
Nilipojifunza kusoma nilidhani ni herufi za mapambo.
Sikujua kuna nchi ambako zina makaburi.

Dirishani, Hadjo, mama wa mtoto.
"Alichanjwa. Kadi ninayo."
Anaitoa kwenye mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne,
muhuri wake bado wa buluu.
Laouali anaisoma polepole
kama mtu anayesoma barua aliyoiandika mwenyewe.

Amwambie nini?
Kwamba mdudu huyu huvaa joho la sukari,
na sisi tuliifundisha damu kulitambua joho,
si aliyelivaa?
Kwamba wadudu wawili hukutana kooni
mwa mchuuzi wa vitunguu, mzima, mcheshi,
anayesalimia soko zima,
na mle gizani mmoja humvisha mwenzake vazi?
"Mgeni njoo, mwenyeji apone," husema watu wangu.
Mgeni huyu hukaa miezi bila kuomba hata maji,
na siku ya kupewa jembe
halimi. Huchimba.

"Kadi yako ni ya kweli," anasema. "Itunze."
Kisha anakimbia, mzee yule, ndara zikipiga visigino,
kwenda wodini kuwaambia ni C,
wapige simu Niamey, dozi za A zilizoko stoo
msimu huu ni maji matupu,
na seftriaksoni, ilivyobaki, msiipime kwa uchoyo.

Usiku anaandika kibandiko kwa mkono usiotulia.
Ndani ya friza kuna sanduku lake la miaka thelathini:
safu ndefu za A, kisha W chache, X moja ya upweke,
sasa C, C, C.
Chini kulia kuna tundu tupu.
Hulifunika kwa kidole kila anapolifunga sanduku,
na hajawahi kumweleza mtu kwa nini.

Mwezi wa sita ugonjwa uliondoka bila kuaga.
Mawingu yalishuka, barabara ikawa tope,
watu wakarudisha vitanda ndani.
Tsahara alisimama mlangoni kwao,
juu ya kichwa chake bati likipigwa na mvua
hata majirani wakawa wanazungumza kwa ishara.
Alinyosha kiganja, akakitazama kikijaa,
akamgeukia mama yake, akauliza kwa sauti kubwa mno:
mbona mvua ya mwaka huu inanyesha kimya?