Kisanduku cha Harufu

Ukumbi wa zimamoto, Yakima, Jumamosi ya Septemba.
Magari mekundu yametolewa nje kutupisha,
na palipolala mipira ya maji sasa pana meza sita,
biskuti zisizo na chumvi, ndoo za kutemea,
penseli alizozichonga mke wa mkuu wa kituo.

Glasi ya saba haina jina.
Namba tu, kama mtahiniwa.
Naiinua kwenye mwanga: shaba iliyosuguliwa,
angavu hata naiona saa ya ukutani ng'ambo ya pili,
saa nne na dakika kumi, imepinda.
Povu zito linashuka bila haraka
likiacha lesi kwenye kuta za glasi.
Sura: tatu juu ya tatu.
Macho yangu bado ni yangu.

Harufu, alama kumi na mbili.

Nazamisha pua, navuta,
nabisha hodi kwenye nyumba niliyozaliwa
naitikiwa na mwangwi.
Tangu homa ile ya majira ya baridi pua hii ni pambo.
Miaka miwili nimekuwa nikijaza kwa kumbukumbu,
balungi, msonobari, ganda la chungwa,
mkono hautetemeki,
natia sahihi hundi za akaunti iliyokwisha kufungwa.
Hakuna aliyenishika.

Colby, kofia kaigeuzia kisogoni, ametema.
"Bia ya kina babu," anasema. "Siku hizi watu wanataka ukungu,
wanataka juisi ya embe iliyosomea chuo.
Hii inakuzaba kofi."
Ameipa ishirini na tisa.

Basi naionja.
Kimea kinatangulia, mkate ulioungua kidogo pembeni,
halafu uchungu.
Si ule wa shubiri, wa kukunja uso na kwenda zake.
Huu unaketi nyuma ya ulimi,
unavua viatu,
unauliza hali.
Vyote nilivyopoteza vilikuwa vya pua.
Uchungu ni wa ulimi, haukuhama,
ndugu yule mmoja anayebaki baada ya matanga
kuosha sufuria.

Penseli inasimama juu ya kisanduku cha harufu.
Balungi, inataka kuandika. Imezoea.
Naiweka chini.

Marisela Quintanar ameona.
Baba yake alikausha hopsi kule Toppenish, misimu thelathini,
tanuri moja, koleo moja.
Haendi kunishtaki kwa mwenyekiti.
Anasogeza glasi yake puani, anafumba macho,
na kwa sauti ya mtu anayemsomea jirani barua
ananiambia:

"Koti la baba, mlangoni, saa tano usiku.
Mama anamkataza kukalia kochi.
Utomvu umeganda kwenye vifungo.
Ganda la balungi ndani ya ndoo yake ya chakula.
Kitunguu, kwa mbali. Kwa mbali sana.
Na sisi wanne tunagombania kumvua mabuti."

"Kumi na mbili?" namuuliza.
"Kumi na moja. Kitunguu kimekula moja."

Naandika kumi na moja.
Pembeni, kwa herufi ndogo: koti, mlangoni, usiku.
Sijui kamati itaelewaje.

Jumla yangu arobaini na moja, ya Marisela arobaini.
Kanuni hairuhusu tupishane kwa zaidi ya saba,
kwa hiyo Colby anarudishiwa glasi.
Safari hii anameza.
Anatazama meza. Anatazama ndoo.
"Inarudi," anasema polepole,
kama aliyesikia hatua za mtu ngazini
wakati alidhani wote wamekwisha kulala.
Anafuta, anaandika thelathini na nne,
na anatuonya tusizoee.

Mhudumu analeta ya nane, ya manjano, nzito kama uji.
Namwomba aiweke kando kwanza.
Jumatatu nitampigia mwenyekiti, nimweleze habari ya pua.
Jumatatu, asubuhi, kabla ya kahawa.
Sasa hivi nina mgeni,
na bado hajamaliza kusema.